Saa za Ziwa: Kwa Mgeni Anayekuja Mwanza Kiangazi Hiki

Kila Juni shule zikifungwa, stendi ya Nyegezi hupokea familia kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Watoto wamechoka na safari, mama ameshika mfuko wa chakula kilichobaki njiani, na shangazi mwenyeji amekuja kuwapokea. Mvua zimekwisha, anga limetakata, nyasi za milimani zimekauka, na alfajiri kuna kibaridi cha kumfanya mtu avute shuka. Kuanzia hapo hadi Septemba ndiyo majira mazuri ya kutembea Mwanza. Mimi kazi yangu ni afya ya jamii, katika taasisi inayoshughulika na magonjwa ya watu wanaoishi kando ya ziwa, na wageni huniuliza waende wapi. Kabla ya kuwajibu huwa nawauliza: mnataka kwenda saa ngapi?

Ziwa Victoria lina saa zake. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, na uso wake uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji mengi kiasi hicho hujitengenezea upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi. Huo ndio upepo unaokupiga usoni ukiwa Capri Point baada ya adhuhuri, na ndio unaoinua mawimbi ya alasiri. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Fika mwalo, yaani bandari ndogo ya wavuvi, wa Igombe au Kayenze kunapopambazuka uone: wavuvi wa dagaa waliokesha na taa zao wanarudi, na maji ya ufukweni yametulia kama yaliyo kwenye beseni. Ukirudi hapohapo saa 10 alasiri utakuta mitumbwi imevutwa nchi kavu na mawimbi yanapiga mchanga. Hiyo ndiyo kawaida ya siku nyingi za kiangazi, ingawa ziwa halina mkataba na mtu, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inafaa kusikilizwa kila siku ya safari.

Kwa hiyo asubuhi iwe ya maji. Safari rahisi kuliko zote ni ya kisiwa cha Saanane, dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Mwaka 1964 palifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko hifadhi zetu zote. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani humo. Utaona swala pala na kima, na pimbi wamejipanga juu ya mawe wakiota jua. Waoneshe watoto zile alama nyeupe zinazoteremka kwenye mwamba kama chokaa iliyomwagika: ni mikojo ya pimbi iliyokauka, vizazi kwa vizazi. Na umtafute mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu ya kuelekea waridi, mwili uliobaki wa buluu iliyokoza. Wanasayansi humwita Agama mwanzae, yaani jina lake limebeba jina la mji huu. Ukiwa umefika saa 2 asubuhi atakuwa amelala juu ya jiwe akijipasha joto na utamtazama kwa nafasi. Kufika saa 6 atakuwa ameshajificha kwenye ufa.

Kabla ya kupanda chombo chochote, hata hiki cha dakika chache, kuna jambo nawaomba mlifanye kwa mikono yenu. Mvalisheni mtoto jaketi la kujiokolea, mfungeni mikanda yote, halafu shikeni jaketi mabegani mulivute juu. Likipanda mpaka masikioni, hilo ni la mtu mzima, na majini litamchomoka. Ombeni dogo. Kama halipo, shukeni. Nimeshuka mimi mwenyewe na wanangu mbele ya abiria waliokuwa na haraka, nikasemwa, na ningeshuka tena.

Miaka yangu ya mwanzo hapa sikuwa hivyo. Tulikodi mtumbwi wa injini watu saba kwenda kula samaki kisiwani, tukachelewa kwa maongezi, tukaanza kurudi saa 10. Katikati ya maji injini ilizima. Mtumbwi ulijigeuza ubavu kwa mawimbi, na kila wimbi likaingia. Majaketi yalikuwepo, matatu, yamekaliwa kama mito. Tuliteka maji kwa sufuria ya samaki kwa muda ambao sikuupima, mpaka vijana wa mtumbwi mwingine walipotuona na kutukokota. Tangu siku hiyo simpimi nahodha kwa maneno yake. Natazama idadi ya watu na idadi ya majaketi.

Watu wa Mwanza hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika bandarini kwetu, na makaburi ya waliokufa yapo Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mchana kweupe, kikiwa kimebakiza hatua kidogo kufika kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Vyote viwili vilizama nchi kavu ikionekana kwa macho. Ndiyo maana huwa siridhiki mtu akiniambia "hapo ni karibu tu."

Sasa kuogelea, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wetu wanapoumizwa bila kujua. Ziwa lina minyoo ya kichocho cha tumbo. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia karibu na maji, mayai huanguliwa humo, na kinachotoka humtafuta konokono mdogo wa maji baridi. Konokono huyo ni bapa, gamba lake limejizungusha kama kamba iliyoviringishwa mezani, mwingine hazidi ukucha wa kidole kidogo. Ndani yake vijidudu huzaliana kwa maelfu, kisha hutoka na kuelea majini vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda wala kinywa. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, na vingi wala huhisi.

Kinachofungulia vijidudu hivi ni mwanga. Konokono huanza kuvitoa asubuhi jua likishapanda, na wingi wake hufikia kilele katikati ya mchana, muda uleule ambao watoto wa likizo wamejaa majini. Kwa hiyo saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri ndizo saa mbaya kuliko zote za kuingia ziwani. Alfajiri hatari hupungua. Nasema hupungua, haiishi, kwa kuwa vijidudu vya jana vinaweza kuwa bado hai. Wala mchanga msafi usikudanganye. Wengi hudhani konokono wanakaa kwenye matete na magugu tu, lakini wapo pia wanaoishi kwenye mchanga wa chini, hata penye kina. Kujifuta taulo haraka kunasaidia kidogo, si kinga ya kutegemea.

Ushauri wangu kwa familia yenye watoto ni kutumia bwawa la kuogelea lenye dawa, hoteli kadhaa za mjini zinalo, na ziwa libaki la kutazama na kusafiria. Najua si kila mtu atakubali. Kuna mtu amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja na hataki kuondoka bila kulionja ziwa. Basi aingie mapema, akae muda mfupi, kisha apange kupima, nami nitarudi kwenye hilo. Kwa wenye nyumba za wageni ufukweni: maji ya ziwa yaliyokaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa siku mbili hayana tena vijidudu hai vya kichocho, kwa hiyo tangi la pili lenye chujio zuri ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa kunywa, yachemsheni kama kawaida.

Saa za katikati ya mchana ni za kivuli. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, tena juu, na upepo wa ziwa humfanya mtu asisikie jua linavyomchoma. Nimeona mabega ya vijana wa Dar es Salaam waliozoea jua la pwani yakitoka malengelenge. Kama katika msafara kuna ndugu mwenye ualbino, ratiba yote ipangwe kwa kumfuata yeye: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua yanayorudiwa kupakwa, na nje asubuhi au jioni tu. Saratani ya ngozi inawaondoa ndugu zetu hawa mapema mno, na chanzo chake ni jua hili hili la mchana.

Pa kwenda muda huo pako. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, yalianzishwa na padri David Clement kutoka Kanada, na humo utaona ngoma za watemi wa Kisukuma na nyumba zilizopangwa kwa mila. Ukibahatika kuwepo Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, utaona makundi mawili, Bagika na Bagalu, wakishindana kwa ngoma, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa upande mwingine. Kaa chini ya mti utazame. Au vuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, mahali ambapo zamani mtu alisubiri pantoni.

Saa 10 na kuendelea nendeni kupanda mawe. Mawe haya ya Mwanza ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na mviringo wake umetokana na kuoza polepole kwenye nyufa mpaka kona zikaisha. Sehemu nyingine hubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, kwa hiyo jiwe linaloonekana imara linaweza kuwa na ganda lililoachia. Piga kwa kisigino kabla ya kuegemea. Ukisikia sauti ya uwazi, ondoka. Vaeni viatu vya mpira vyenye meno, ndala ziachwe nyumbani, na msitie mkono kwenye ufa msiouona ndani: kuna nyuki, na kuna nyoka. Aliyeumwa na nyoka alazwe, kiungo kisichezeshwe, asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba ya kukaza, apelekwe hospitali mara moja. Anzeni kushuka jua likiwa bado juu, kwa kuwa mwamba ni rahisi kuupanda kuliko kuushuka. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck watu hupiga picha, na ni halali yao, panapendeza. Baada ya hapo msikae ukingoni mwa maji nje ya mji. Kiboko hutoka jioni kwenda kula majani, na hatari yake ni kusimama kati yake na maji. Mamba naye huvizia palepale watu wanapochutama kunawa. Mbu wa malaria wanaanza zamu yao usiku, kwa hiyo chandarua kiwepo hata kama mmezoea feni.

Na kwa aliyeingia ziwani: ukifika nyumbani, hesabu wiki nane kutoka siku ya mwisho uliyogusa maji, uiandike tarehe hiyo. Kupima mapema sana hakufai, kwa kuwa minyoo michanga haijaanza kutaga na kipimo cha choo kitasema huna kitu. Dawa nayo, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Ila ukipata homa, kikohozi na vipele wiki chache baada ya safari, usisubiri tarehe. Mbali na ziwa, daktari anaweza kutibu malaria au taifodi kwanza bila kufikiria kichocho. Kabla hajaanza kuandika, mwambie: niliogelea Ziwa Victoria, na mtajie siku.