Je, wajua kwa nini viwanda havifumi krosheti kwa mashine?

Vuta pindo la fulana uliyovaa, uliangalie kwa karibu sana, ikibidi kwa kioo cha kukuzia. Utaona safu za alama ndogondogo zenye umbo la herufi V, zimepandana kama manyoya ya ndege. Fulana hiyo imefumwa na mashine. Mishono ya mabegani imepigwa na cherehani. Kama kuna ua au nembo iliyodariziwa kifuani, hiyo nayo siku hizi mara nyingi hutoka kwenye mashine.

Sasa chukua blauzi ya krosheti, au kofia, au kitambaa cha mezani, hata kile cha bei ya chini kabisa sokoni. Hicho, kama ni krosheti ya kweli, kimefumwa na mtu. Kuna mahali binadamu alikaa na uzi na kulabu moja, akafuma mshono mmoja baada ya mwingine hadi kikaisha. Kila ninapowaambia watu habari hii huwa wanabisha kwanza. Wanasema dunia inayotengeneza vipuri vya simu visivyoonekana kwa macho haiwezi kushindwa na kulabu ya bibi. Ila ndivyo ilivyo, na sababu yake iko ndani ya mshono wenyewe.

Tuanze na ufumaji wa sindano mbili, ule wa masweta na soksi, maana huko ndiko mashine ilikoshinda mapema. Ukifuma kwa sindano mbili kitu chenye upana wa mishono 100, basi wakati wote una vitanzi 100 vilivyo wazi, vimepangwa kwenye sindano kama watu kwenye foleni. Hakuna kinachohama nafasi yake. Kitanzi kipya hupitishwa ndani ya kile kilichopo, kisha unaenda kwa jirani yake. Mtu mwenye akili ya ufundi akitazama jambo hilo kwa muda atawaza: vipi kila kitanzi kikipewa kulabu yake ndogo, kulabu 100 zikapangwa mstari mmoja, na safu nzima ikafumwa kwa mkupuo? Ndivyo alivyowaza William Lee, kasisi wa Calverton, karibu na Nottingham, Uingereza. Mwaka 1589 alikuwa na mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya uvumbuzi kwa kuwahurumia waliokuwa wakiishi kwa kufuma kwa mikono, na Lee akaishia kuipeleka kazi yake Ufaransa.

Udarizi nao ulipata mashine. Josué Heilmann, Mfaransa wa Mulhouse, alitengeneza ya kwanza mwaka 1828. Hapo siri ni kwamba kitambaa tayari kipo. Unakinyoosha kwenye fremu kikakaza kama ngozi ya ngoma, na kila nukta yake inajulikana iko wapi. Kinachobaki ni kuielekeza sindano.

Krosheti haina vyote viwili. Haina foleni ya vitanzi wala kitambaa kilichonyooshwa. Kwenye krosheti ya kawaida, kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilicho kwenye kulabu. Mshono ukiwa katikati vinaweza kuwa viwili au vitatu, lakini ukikamilika kinabaki kimoja. Vyote vilivyotangulia vimeshafungwa. Ili ufanye mshono unaofuata inakubidi urudi kwenye kazi uliyokwisha kuimaliza, utafute tundu, utumbukize kulabu, unase uzi upande wa nyuma, uutoe mbele, kisha uupitishe kwenye kitanzi kile kimoja. Tundu lenyewe halijashikwa na chochote. Ni uwazi mlaini kati ya nyuzi, unaosogea kila ukigusa, na ukubwa wake unategemea jinsi ulivyokaza mshono wa jana.

Mtazame mfumaji mzoefu. Mkono wa kushoto (kama anatumia wa kulia kwa kulabu) unafanya kazi mbili kwa pamoja. Kidole gumba na cha kati vinaibana kazi hatua moja tu chini ya tundu linalofuata, na kila baada ya mshono vinasogea kidogo sana. Kidole cha shahada kimeinuliwa, uzi umepita juu yake, na ndicho kinachopima uzi utoke kiasi gani. Mkono wa kulia ukiingiza kulabu, mdomo wake unamtazama mfumaji. Ukiitoa inageuka chini kidogo, ili mdomo wa kulabu usinase vitanzi vya njiani. Mgeuko huo ni mdogo mno, na wengi wanaoufanya hawajui kama wanaufanya. Muulize mfumaji analijuaje tundu lake bila kutazama, atakwambia vidole vinalihisi.

Halafu kuna suala la uamuzi. Juu ya kila mshono wa safu iliyopita kuna nyuzi mbili zilizolala pamoja. Unaweza kuingiza kulabu chini ya zote mbili, au ya mbele peke yake, au ya nyuma peke yake. Unaweza kuzunguka shina la mshono, kuruka mishono mitatu, kushuka safu mbili chini, au kufuma mara tano kwenye tundu lilelile ukapata umbo la kombe. Kila uchaguzi unazaa kitambaa tofauti. Kwa mashine, hii ina maana kwamba kulabu lazima iweze kuingia popote, kutoka upande wowote, ndani ya kitu kinachokua na kujikunja wakati huohuo.

Nisije nikasema zaidi ya ninachokijua: watafiti wa Bielefeld, Ujerumani, wamejenga mashine ya majaribio inayoweza kufuma mishono ya msingi ya krosheti kwenye kipande bapa. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini kati ya kipande bapa cha maabara na blauzi yenye mikono na maua bado kuna safari ndefu. Viwandani pia kuna mashine zinazoitwa za krosheti, hasa za kutengeneza lesi za pindo na vishada. Hizo kwa kweli zinafuma kwa nyuzi nyingi zinazokwenda sambamba, kila moja na sindano yake, na matokeo yanafanana na krosheti ukiyaangalia kwa mbali. Ukikaribia utaona nyuzi ni nyingi. Kipande kizima cha krosheti ya kweli, kama hakina kiungo wala rangi ya pili, ni uzi mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mashine iliweza mstari wa kwanza wa krosheti zamani sana. Krosheti huanza na mnyororo, yaani kitanzi ndani ya kitanzi ndani ya kitanzi. Mnyororo huohuo ndio mshono wa cherehani ya Barthélemy Thimonnier, Mfaransa aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1830 na kuitumia kushona sare za jeshi, mpaka mafundi waliohofia riziki yao walipoingia wakazivunja mashine zake. Mnyororo huo bado uko nasi. Ukitaka kuuona, tafuta gunia lililoshonwa mdomo kiwandani. Ukikata uzi upande unaotakiwa na kuuvuta, mshono wote unaachia kwa sekunde chache, trrrr, kwa sababu kila kitanzi kinazuiwa na kile kilichokifuata peke yake. Ukivuta upande mwingine unakaza. Cherehani inaupiga mnyororo huo bila kuchoka, kwa kuwa gunia limeushikia nafasi. Ikifika safu ya pili, pale ambapo mnyororo unatakiwa kuwa kitambaa wenyewe bila gunia la kuushikilia, mashine inakwama.

Na inaelekea krosheti ilizaliwa hivyohivyo, kwa mnyororo kuachana na kitambaa. Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa na mtindo wa kudarizi uliotoka mashariki, wa kupiga minyororo kwa kulabu nyembamba juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye fremu ya mviringo. Wafaransa waliuita tambour, yaani ngoma. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wakawa wanapiga minyororo hiyo hewani, bila kitambaa chini yake. Jina krosheti nalo linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo. Ilipofika njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840, lesi ya krosheti ikawa riziki ya familia nyingi, na mji wa Clones ukajulikana kwa lesi hiyo. Ilifaa kwa sababu ua moja, jani moja, duara moja, kila kipande kilifumwa peke yake kisha vikaunganishwa. Mtu aliweza kufanya kipande nyumbani, kati ya kazi moja na nyingine, kwa kulabu na uzi tu.

Uhuru huu unaoisumbua mashine uliwahi kuwasaidia hata wanahisabati. Kuna aina ya uso unaoitwa wa haipaboli, ambao kila ukitoka katikati unapanuka kwa kasi kuliko karatasi bapa, hivyo unajikunjakunja kama ukingo wa jani la saladi. Mwanahisabati Mmarekani William Thurston alikuwa ameonyesha namna ya kuutengeneza kwa karatasi, lakini karatasi huchanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliufuma kwa krosheti. Kanuni yake ni nyepesi: baada ya kila mishono kadhaa, tuseme 5, ongeza mmoja, wala usibadilishe. Ukianza na mishono 20, safu ya 10 ina takriban 120. Safu ya 20 ina takriban 760. Alijaribu kwanza kwa sindano mbili, lakini vitanzi vilizidi kuwa vingi mno kwenye sindano. Kwa krosheti tatizo hilo halipo: uwe na mishono 20 au 760, unashikilia kitanzi kimoja.

Kwa hiyo nikiona blauzi ya krosheti inauzwa kwa bei ya fulana, siwezi kufurahia unafuu huo. Fulana imetoka kwenye mashine yenye mamia, hata maelfu, ya sindano. Blauzi ile imekula saa nyingi za mtu, na bei hiyo inaeleza alilipwa nini.

Tofauti hii ya vitanzi ndiyo inayoamua pia nguo inavyochakaa. Krosheti ikikatika uzi katikati, kwa kawaida tundu hubaki dogo kwa muda, kwa kuwa majirani zake wamefungwa kila mmoja kivyake. Sweta likikatika kitanzi kimoja, kile cha chini yake kinapoteza kizuizi na kuchomoka, halafu cha chini zaidi, mpaka unapata ngazi: nyuzi tupu zilizolala kama vipawa, yaani vijiti vya kukanyagia vya ngazi, zikishuka mwilini mwa nguo.

Kifaa kizuri kuliko vyote cha kulitibu sweta hilo ni kulabu ya krosheti. Tandika nguo mezani, upande wenye herufi V ukuangalie. Shuka hadi chini kabisa ya ngazi, utakuta kitanzi kimoja kinaning'inia. Kivishe kwenye kulabu. Nasa kipawa cha kwanza kilicho juu yake, kivute kipite ndani ya kitanzi, na V moja imerudi mahali pake. Panda kipawa kwa kipawa, usiruke hata kimoja, usivute kwa nguvu. Ukifika kileleni, pale uzi ulipokatika, pitisha uzi wa rangi ileile kwenye kitanzi cha mwisho, upeleke nyuma ya nguo, uufiche ndani ya mishono minne au mitano ya jirani ndipo ukate.