Je, wajua kwa nini watu wakifiwa pamoja huimba pamoja?

Uliza mtu yeyote kwa nini msiba wa mji mzima huja na nyimbo, jibu analo tayari: nyimbo ya huzuni inatoa huzuni, watu walie, wapoe. Jibu tamu, ila likifika Lamu linakwama, likifika Malindi ndo linakwama zaidi.

Lamu kwanza. Husemwa ati msiba wa huku hauna muziki kabisa, na kwa upande wa ala ni kweli, matari na zumari zinangoja arusi na Maulidi. Lakini jeneza likitoka msikitini likaingia vichochoro vya Langoni, vile ambavyo punda wawili wanapishana kwa taabu, wanaume wanapokezana mabega na "La ilaha illa Llah" inakwenda kwa mahadhi, wa mbele wanaanza wa nyuma wanapokea, haikatiki mpaka makaburini. Mwambie mzee wa hapo kuwa huo ni muziki uone atakavyokutimua, na haki anayo, kwake ni dhikri (wapo hata wanaosema isitolewe kwa sauti). Ila mahadhi yenyewe si ya kuliza. Ni ya kutembea.

Malindi sasa, kwa Wagiriama, kuna kifudu, ngoma ya matangani, na baadhi ya nyimbo zake zina matusi ya nguoni hasa, mgeni anaangalia pembeni wenyewe wanacheka. Huzuni iko wapi hapo?

Na si mambo ya pwani tu. London, tarehe 15 Septemba 2001, siku 4 baada ya minara ya New York kuangushwa, usiku wa kufunga msimu wa Proms, tamasha kubwa la muziki la huko, ambao kila mwaka ni bendera na shangwe, ulibadilishwa ratiba. Ikapigwa Adagio (kipande cha polepole) ya mtunzi Mmarekani Samuel Barber, sawa, hiyo ni majonzi matupu, lakini ikaimbwa pia sehemu ya mwisho ya Simfonia ya 9 ya Beethoven, ambayo maneno yake yanasifu furaha.

Basi kinachofanya kazi ni nini? Maelezo yanayoshika zaidi ni pumzi. Waangalie mabaharia wakitweka tanga la jahazi: foromali, mti unaoshika tanga, ni nzito, ukivuta wewe sasa na mwenzio baadaye kidogo, kamba inawachezea tu. Kwa hiyo mmoja anatoa mstari, wote wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo wanapovuta, mstari ukirudi kwa mwimbishaji wanashika kamba na kupumua. Wimbo pale si pambo, ndio unaogawa nguvu, na hata ukiwa wa mzaha foromali inapanda vilevile. Sasa kwenye msiba kamba ni pumzi yenyewe: mstari ukianza wote mnatoa, ukiisha wote mnavuta. Na moyo unafuata mapafu, ukivuta pumzi unaenda mbio kidogo, ukitoa unapoa, manake mstari mrefu unakutuliza bila wewe kuamua chochote, na unamtuliza jirani yako sekunde ileile. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha mwaka 2013 vipimo vya vijana 15 wa miaka 18 wakiimba pamoja, mapigo ya moyo yakawa yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja.

Lakini vijana 15 ni wachache, na kilichopimwa ni moyo, si majonzi.

Tena pumzi haitoshi kumweleza msikilizaji aliyenyamaza. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, wakati wa vita, tarehe 27 Mei 1992, kombora liliua watu waliopanga foleni ya mkate, na Vedran Smailović akatoka na selo yake, lile zeze kubwa linalopigwa mtu ameketi, akawa anapiga kwenye magofu ya mji, na watu wakasimama kumsikiliza wasiimbe hata neno. Alipiga Adagio ya Albinoni, mtunzi wa Italia, ambayo kwa taarifa tu haielekei kuwa ya Albinoni: mzee huyo alifariki 1751, nayo ilichapishwa 1958 na Mtaliano mwingine, Remo Giazotto, aliyedai ameijenga juu ya kipande alichokipata cha marehemu.