Mti Hautoi Pombe: Dhana Potofu kuhusu Tembo la Mnazi na Bia ya Mepo

Mzee mmoja jirani yetu huku Mtongwe, Mombasa, ambaye marehemu babake alikuwa mgema, aliletewa na mjukuu wake chupa ya shira ya mepo, mti wa nchi za baridi, kutoka Kanada. Aliigeuza mkononi, akaifungua, akainusa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili ndilo tembo lao?" Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa kule hutoboa mti, hukinga maji yake na kuyapikia bia majumbani, na kwa mtu aliyekulia chini ya minazi swali hilo lina mantiki yake. Jibu ni hapana, lakini ukitaka kueleza kwa nini ni hapana hukutana na makosa mengi tunayoyarudia kuhusu tembo letu wenyewe, na ndiyo maana nimeona afadhali niyaandike.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kusema kwamba mnazi hutoa pombe. Baadhi ya wageni kutoka bara hudhani hata kwamba tembo ni maji ya dafu yaliyowekwa yakachacha. Nimesimama mara nyingi chini ya mnazi nikimtazama mgema akipanda kwa vidato alfajiri, kotama ikiwa kiunoni, na haendi kwenye madafu kabisa. Huenda kwenye karara ambalo bado halijapasuka, yaani ala inayofunika maua ya mnazi, alilolifunga kwa kamba na kuliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi ncha yake ikatazama chini. Huikata ncha hiyo kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kwa sababu kidonda cha jana kimekwisha kujifunga, kisha hutundika tena kibuyu na kushuka. Jioni hurudi kufanya vivyo hivyo. Kinachodondoka pale ni utomvu mtamu wenye sukari ya takriban asilimia 12 hadi 16, na katika dakika ile ya kudondoka hauna kilevi chochote.

Kilevi hutoka kwenye kibuyu. Kibuyu cha mgema hubakia na chachu ya jana katika nyuzi zake za ndani, na nyuki na nyigu wanaotumbukia humo huja na chachu nyingine, ambayo ni ya ukoo mmoja na hamira tunayotia kwenye kaimati. Chachu hula sukari, na badala yake hutoa alkoholi na hewa ya kaboni. Tega sikio kwenye mdomo wa kibuyu kilichoshushwa saa mbili za asubuhi, utasikia mchakarisho mwembamba kama manyunyu juu ya makuti. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ikiendelea, na povu linaloonekana juu si dalili ya sumu wala ya uchafu, ingawa nyuki waliokufa ni lazima wachujwe kwa kilifu.

Kutokana na hayo, maneno "tembo tamu halilevi" yanahitaji uangalifu. Hukaribia kuwa kweli kwa utomvu unaokingwa kwenye chombo safi na kunywewa papo hapo chini ya mnazi. Si kweli kwa chupa inayouzwa saa tisa alasiri kwa jina hilohilo, kwa kuwa katika joto letu mchachuko huanza mara utomvu unapodondoka kibuyuni na tembo hufikia kilevi cha asilimia 4 hadi 6, takriban sawa na bia ya dukani, kabla ya siku moja kwisha. Asiyetaka kilevi, iwe kwa sababu ya dini, dawa au ujauzito, asitegemee ulimi wake kumwamulia, maana sukari iliyobaki huficha kilevi kilichokwisha kuingia.

Kuna pia imani kwamba tembo likizidi kuwa kali mdomoni ndivyo linavyozidi kulevya. Ukali wa siku ya tatu ni tindikali. Sukari ikiisha, bakteria wa siki huigeuza alkoholi yenyewe kuwa siki, hivyo tembo linalokunja uso huweza kuwa na kilevi kidogo kuliko lile la jana yake. Mpishi anayelitumia kama siki katika achari hakosei.

Sasa turudi kwenye mepo, ambako makosa ni ya namna nyingine. Watu husikia "utomvu wa mti" na kudhani kwamba ukitundika kibuyu chako kule Quebec, ambako ndiko hutoka sehemu kubwa ya shira ya mepo duniani, jioni utakunywa tembo. Utomvu wa mepo una sukari ya takriban asilimia 2 tu. Hata chachu ikiila yote, kilevi hakitazidi asilimia 1 hivi, na kinywaji kitakuwa chepesi kama maji. Utomvu huo hutiririka mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yanapoganda na mchana yanapoyeyuka, na kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kunakousukuma kutoka kwenye tundu lililotobolewa shinani. Ndiyo maana anayeota kupanda mepo Nyali au Kisauni anajisumbua bure: hapa hata usiku wa Julai haukaribii kuganda.

Kwa hiyo watengenezaji wa bia nyumbani kule hawachachushi utomvu peke yake. Huutumia badala ya maji ya kuchemshia kimea cha shayiri, na sukari nyingi hutoka kwenye kimea. Katika jimbo la Vermont, Marekani, wakulima wa zamani walitumia utomvu wa mwisho wa msimu, ambao hutoa shira nyeusi na haufai kwa shira nzuri, kutengenezea bia ya nyumbani. Wengine huongeza shira, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo limewavunja moyo watu wengi: kudhani kwamba shira itaifanya bia iwe tamu.

Haitaifanya tamu. Lita 1 ya shira ya mepo ina takriban kilo 0.9 ya sukari, na karibu yote ni ya aina ambayo chachu huimaliza. Ukiitia katika lita 20 za bia utaongeza kilevi kwa takriban asilimia 3, na bia itakuwa nyepesi na kavu mdomoni kuliko ilivyokuwa kabla. Kinachobaki ni harufu, nayo huchukuliwa na mvuke ikiwa shira imetiwa mapema jikoni, au hutolewa na hewa ya kaboni wakati chachu ina nguvu. Wenye uzoefu huitia mchachuko mkubwa unapotulia. Anayetaka utamu hutafuta kimea chenye sukari ambazo chachu haiwezi kuzila.

Kuna anayeuliza, kama sukari ni chakula cha chachu, kwa nini shira haichachi ndani ya chupa? Mama yeyote wa Mombasa anajua jibu bila kujua kwamba analijua. Shira ya kaimati hukaa siku nyingi kabatini bila kuharibika, lakini ile iliyobaki kwenye bakuli ikachanganyika na maji huanza kutoa povu. Sukari ikiwa nzito mno huinyima chachu maji, na shira ya mepo, yenye sukari ya asilimia 66 au 67, iko upande huo wa uzito.

Kuhusu joto letu, wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa tembo huchacha upesi Mombasa, basi na bia itapendeza vilevile. Tembo hunywewa siku hiyohiyo. Bia hukaa wiki kadhaa, na chachu nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22. Zikifanya kazi kwenye nyuzi 30 hutoa alkoholi nzito zenye harufu ya rangi ya kupakia. Beseni la maji yenye barafu na taulo lililoloweshwa likizungushwa chombo, hilo ndilo suluhisho la bei nafuu. Tena usifunge chupa kabla mchachuko haujaisha, na ukiongeza shira ya kutia gesi, gramu 6 hadi 8 za sukari kwa lita zinatosha. Mimi nimeshuhudia chupa ya kioo ya tembo iliyofungwa kwa kukazwa ikipasuka sebuleni, vipande vikafika dirishani, na Mungu alituepusha kwa kuwa watoto walikuwa nje.

Woga wa methanoli, alkoholi yenye sumu, ninauheshimu, lakini umeelekezwa pasipo. Tembo na bia huchachushwa tu, havikenekwi, na methanoli yake ni kidogo mno. Mwezi Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walipofariki Nairobi, kilichowaua kilikuwa pombe iliyotiwa methanoli. Hatari iko kwenye kinachoongezwa na muuzaji, kwa hiyo kumjua mgema wako ni jambo la maana kuliko kunusa chupa. Na sheria ya Kenya ya 2010 ya kudhibiti vileo haikupiga marufuku tembo. Inataka leseni kwa anayetengeneza na kuuza, na utoaji leseni ni kazi ya kaunti.

Mzee wetu alibaki na dhana moja, kwamba shira ya mti ni ujuzi wa Kanada peke yake. Nilimwomba akumbuke asali ya tembo, utomvu mbichi wa mnazi uliochemshwa kabla haujachacha. Wao huhitaji lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya shira. Sisi, kwa sukari ya mnazi, lita 5 hadi 7. Akasema mamake alikuwa akiipika kwa kuni za makumbi, na kwamba ilikuwa nyeusi kuliko hii ya chupa.