Kimashine cha gemu 30 hakijapunjwa

Sokoni Kibuye, hapa Kisumu, utamsikia mtu akilalamikia NES Classic, kimashine cha Nintendo kilichojazwa gemu za zamani: "Gemu 30 tu? Kile kingine kina 620!" Anadhani kampuni imembania nafasi. Sivyo. Gemu ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, ni nyepesi kuliko picha moja ya simu yako, mamia yangeingia. Kikwazo ni haki: kila gemu ina mwenyewe, na lazima akubali. Ndiyo maana NES Classic ya 2016 ina 30, PlayStation Classic ya 2018 ina 20, na orodha ya Japani si ile ya Marekani. Hizo 620 za kile kimashine cha kuiga? Nyingi ni gemu ileile iliyobadilishwa jina. Mimi ningechukua SNES Classic ya 2017, yenye gemu za mashine iliyoifuata NES: gemu 21, mojawapo Star Fox 2, iliyokuwa haijawahi kuuzwa.