Gango Likibana Mno

Neno mganga linatokana na kuganga, na gango ni ule ubao mwembamba au kijiti kinachofungwa kushikilia mfupa uliovunjika.

Wengi wanaofika kliniki yetu ya mifupa hapa Kisumu baada ya ajali ya bodaboda wamepitia kwanza kwa mzee wa kijijini anayeunga mifupa. Siwacheki. Mzee huunyoosha mfupa, kisha huuzuia usicheze, na hicho ndicho kiini cha tiba hata kwetu. Kuunga ni kazi ya mwili wenyewe: damu huganda penye ufa, gegedu, ile tishu laini kama ya sikio, huota juu yake, halafu mfupa mpya. Majani yaliyopondwa hayaungi kitu.

Wamisri walifunga vibao vyenye kitani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Bega likiteguka, Wagiriki wa enzi za tabibu wao Hippocrates walimlaza mgonjwa, tabibu akamwekea kisigino chake kwapani na kuvuta mkono. Plasta tunayoijua, ile ngumu ya kuzungushia mfupa uliovunjika, ilienezwa na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwaka 1852. Lakini anayenivutia zaidi ni Ibn Sina, tabibu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037. Yeye alishauri magango yasubiri siku tano hivi, uvimbe upungue kwanza.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana mmoja kutoka Nyakach aliletwa siku ya tatu, kigasha kimezungushiwa vijiti sita na kukazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Siku ya kwanza vilikaa sawa. Mkono ulipovimba, tyubu haikulegea. Vidole vilikuwa rangi ya jivu, na nilipomgusa kwa ncha ya kalamu hakushtuka. Misuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa sita hivi. Tuliokoa uhai, si mkono.

Basi ukimfunga mtu, mbonyeze ukucha kisha uachie. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi vikinyooshwa, kata kamba zote mkimbie hospitali. Mfupa ukiwa umetoboa ngozi, usipake dawa yoyote: funika kwa kitambaa safi, uondoke.

Plasta ya hospitali nayo hubana vilevile. Vidole vikifa ganzi usiku wa manane, rudi usiku huohuo.