Eti shahada ilikuwa tiketi ya kazi? Vyuo vikuu vya Ulaya ya Zama za Kati

Eti chuo kikuu kilianza na majengo. Kilianza na watu. Neno la Kilatini *universitas* lilimaanisha chama, kama vile cha mafundi viatu. Paris kilikuwa chama cha walimu. Bologna, Italia, kilikuwa cha wanafunzi, na huko mambo yalichekesha. Wanafunzi wa sheria, wengi wao watu wazima waliotoka mbali, ndio waliowalipa walimu, na mlipaji ndiye bosi. Mwalimu aliyechelewa kuanza kipindi, au aliyeendelea baada ya kengele, alitozwa faini. Akipata wasikilizaji chini ya watano, alihesabiwa hakuja kazini! Akitaka kusafiri nje ya mji, aliacha amana ili wawe na hakika atarudi.

Kwa kuwa hakukuwa na majengo ya kuwashikilia, walimu na wanafunzi wakigombana na wenyeji walifungasha virago. Mwaka 1209 baadhi ya wasomi wa Oxford walihamia Cambridge, chuo cha huko kikazaliwa. Mwaka 1229 walimu wa Paris waligoma, na mgomo ukaendelea hadi 1231, Papa Gregori IX alipotoa hati ya kulinda haki zao.

Eti wanafunzi wote walikuwa mapadri wakisomea teolojia. Paris na Oxford mwanafunzi alihesabiwa kisheria kuwa mtu wa Kanisa, lakini hilo halikumfanya padri. Wengi walikuwa vijana wa miaka 14 au 15 hivi, wakianza na sarufi, mantiki, hesabu na elimu ya nyota. (Walifundishwa pia kwamba dunia ni mviringo kama tufe, waliodai kuwa watu hao waliidhani bapa walikuja baadaye sana.) Teolojia ilikuwa ya wavumilivu: kanuni za Paris za 1215 zilitaka mwalimu wake awe ametimiza miaka 35.

Eti ni watoto wa matajiri tu. Wasichana ndio waliofungiwa mlango. Wavulana maskini waliweza kusamehewa ada, na mwaka 1257 Robert de Sorbon alianzisha Paris nyumba ya wanafunzi wa teolojia wasiojiweza.

Eti ukihitimu, kazi inakungoja. Wengi waliondoka bila shahada, wala hawakuhesabiwa wameshindwa: miaka miwili ya Kilatini na mantiki ilitosha kumpatia mtu ukarani au ualimu wa shule. Shahada yenyewe kimsingi ilikuwa leseni ya kufundisha. Penye ulaji palikuwa sheria, kwa sababu mahakama za Kanisa, wafalme na miji zote zilitafuta wanasheria. Vyuo vilimpelekea papa orodha ndefu za majina, vikiwaombea watu wao nafasi za Kanisa zenye kipato. Hata hivyo, kujuana na askofu kulifupisha foleni.

Wengine walipata kazi kwanza, masomo baadaye. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliwaruhusu maaskofu kuwapa wakuu wa parokia hadi miaka saba ya kusoma, wakila mapato ya parokia zao huku naibu akibaki na waumini.