Chungu cha Wacherokee cha kupigwa kibao

Chungu cha jadi cha Wacherokee, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, hakitengenezwi kwa gurudumu. Mfinyanzi huchanganya udongo na changarawe iliyopondwa, huuviringisha uwe mrefu kama kamba, kisha huupandisha mzingo juu ya mzingo. Halafu huchukua kibao kilichochongwa mistari au miraba. Mkono mmoja hushika jiwe ndani ya chungu, mwingine hupiga kibao nje.

Alama zinazobaki ni pambo, lakini kwanza ni kazi. Kila pigo hushikanisha maungio na kukondesha ukuta, na chungu chembamba huhimili moto wa jikoni bila kupasuka. Baada ya kukauka huchomwa kwa kuni, mahali pa wazi. Magunzi ya mahindi yakitiwa, moshi wake hukipaka weusi na kusaidia kuzuia maji yasivuje.

Ufundi huu umebebwa hasa na wanawake, na umepita pagumu. Mwaka 1838 na 1839 jeshi la Marekani liliwafukuza Wacherokee wengi kutoka kwao hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma. Waliobaki kwenye milima ya North Carolina waliishi na kuoana na Wacatawba, kabila jingine la wenyeji, na kutoka kwao wakachukua vyungu vyeusi vinavyosuguliwa kwa kijiwe mpaka ving'ae. Watalii wakavipenda, kibao kikawekwa kando. Wapo wanaosema vyungu hivyo si vya jadi. Sikubaliani nao: Amanda Swimmer (1921–2018) alivifinyanga maisha yake yote na kuwafundisha wengi, na jamii yake ikamheshimu kwa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafinyanzi wa huko walikirudia kibao, wakijifunza kutokana na vyungu vya kale.

Oklahoma hali ilikuwa mbaya zaidi, ufundi ulikuwa umekaribia kusahaulika. Anna Mitchell (1926–2012) alianza pale mumewe alipotaka kiko cha udongo kama kile cha kwenye picha ya Sequoyah, aliyebuni maandishi ya Kicherokee. Udongo aliupata kwenye bwawa la shamba lao. Mwalimu hakuwepo, basi akasoma alama kwenye vyungu vya makumbusho, moja baada ya nyingine. Baadaye alimfundisha binti yake, Victoria Vazquez, pamoja na Jane Osti, na wote wawili wakawa wafinyanzi mashuhuri wanaofundisha wengine.